Bastola ya Kuanzishia Mbio na Ngoma Yake Nyembamba

Siku yangu ya mwisho ofisini, vijana wawili wa idara ya michezo walinisindikiza hadi getini, na mmoja akaniuliza, "Mwalimu, hiyo kazi ya kuanzisha mbio ilikuwa na ugumu gani? Si unafyatua tu?" Nilicheka, nikapanda bodaboda, nikarudi nyumbani Tlawi. Tangu siku hiyo nimekaa mezani mara nyingi nikijaribu kumjibu. Nimejaza kurasa kadhaa, na kila nikizisoma nagundua kwamba kuna jambo moja katika kazi ile ambalo sijalielewa mpaka leo. Basi nitaliandika kama lilivyotokea, nyie mtaona wenyewe.

Nilianza nikiwa mwalimu wa maarifa ya jamii katika shule ya msingi. Kwenye michezo nilipelekwa kwa sababu nilikuwa na sauti kubwa, na mashindano ya shule za wilaya yalihitaji mtu wa kupanga watoto kwenye mistari. Aliyenifundisha ni Mwalimu Akonaay, mtu mwembamba aliyevaa koti la mvua hata jua likiwaka. Yeye ndiye aliyekuwa mwanzishaji wa mbio wa wilaya nzima kabla yangu.

Siku ya kwanza hakunipeleka uwanjani. Alinipeleka kituo cha polisi, kwa sababu bastola ya mbio ilihifadhiwa huko, ikitoka na kurudi kwa sahihi. Askari aliitoa ikiwa ndani ya bati la biskuti. Mtutu wake ulikuwa umezibwa kwa chuma tangu kiwandani, haukuweza kutoa kitu zaidi ya mlio na moshi kupitia tundu la juu, lakini kwa umbo ilikuwa bastola kamili, ya aina ile yenye ngoma inayozunguka na kubeba risasi sita. Jina la aliyeitengeneza lilikuwa limesuguliwa likafutika.

"Shikamoo mwalimu," nilimsalimia tena tulipokuwa tumekaa kwenye benchi la kituo, maana nilikuwa na wasiwasi na sikujua niseme nini kingine.

"Marahaba. Umeshanisalimia asubuhi. Sasa tazama hapa."

Aliitoa ngoma, akanionyesha kwa ncha ya kalamu. Kwa nje ilikuwa na vijichongo sita vidogo. Kila ukifyatua, kijichuma kutoka chini huingia kwenye kijichongo kimoja na kuizuia ngoma isizunguke. Tatizo ni kwamba aliyeibuni bastola ile alivichonga vijichongo katikati kabisa ya kila tundu la risasi, pale ambapo ukuta wa chuma ulikuwa mwembamba tayari. Kwa maneno mengine, alitafuta mahali dhaifu kuliko pote, akapapunguza tena.

"Ikipasuka, itapasukia hapa," alisema Akonaay. "Kwa hiyo usiipende. Iogope kidogo. Kidogo tu, usije ukatetemeka mbele ya watoto."

Alinifundisha mengine mengi. Kukaa kimya kati ya "tayari" na mlio, lakini kwa muda usiolingana kila mara, ili watoto wasiubashiri. Kuinua mkono juu kabisa na kukikaza kiwiko. Kuvaa mkono wa koti jeusi, kwa sababu watunza muda waliokaa kwenye mstari wa mwisho hawasubiri mlio, wanabonyeza saa zao wanapouona moshi, na moshi huonekana vizuri zaidi juu ya kitu cheusi. Mlio huchelewa njiani, moshi hauchelewi. Hili niliambiwa siku ya kwanza kabisa, na nikalihesabu kuwa jambo la watunza muda, halinihusu. Nawaomba mlikumbuke kuliko nilivyolikumbuka mimi.

Akonaay alistaafu, nikabaki na bastola. Baada ya misimu michache risasi za kiwandani za mlio mtupu zikaisha, na kila barua niliyoandika kuomba nyingine ilijibiwa kwamba ombi limepokelewa. Nadhani mpaka leo limepokelewa. Ndipo mkuu wa kituo cha polisi akanipa kibali cha maandishi nijaziwe maganda ya zamani ya risasi na fundi mwenye leseni. Fundi mwenyewe alikuwa jirani yangu huku Tlawi, Mzee Boay, aliyekuwa akitengeneza magobore ya watu wenye vibali, na makufuli ya watu wasio na kitu cha kufungia.

Mzee Boay hakuwa mtu wa maneno. Aliigeuza ile ngoma kwenye mwanga wa mlango kwa muda mrefu, akasema, "Aliyetengeneza hii hakuipenda mikono ya watu."

Kujaza ganda si kazi ngumu ukiiangalia. Unaing'oa fataki iliyokwisha pigwa, ile inayowasha baruti, unapachika mpya, unamimina baruti, unafunika kwa karatasi laini na nta. Ugumu uko kwenye kuamua baruti iwe kiasi gani. Ikizidi, ukuta wa ngoma unabeba mzigo usio wake. Ikipungua, mlio unakuwa hafifu. Mzee Boay alikataa kabisa kupima kwa macho. Alitengeneza vijiko vitatu kutokana na maganda yaliyokatwa, na kila ganda alilojaza alilifunika kwa nta ya rangi yake: nyekundu kwa kipimo kikubwa, nyeupe kwa cha kati, na njano kwa kidogo. Ganda lenye ufa hata wa unywele alilitupa chooni, ili mtu yeyote asije akalihurumia.

Kujaribu tulijaribu hivi. Bastola ilifungwa kwa mpira wa tairi kwenye kisiki, ikafyatuliwa kwa kamba, sisi tukiwa nyuma ya ukuta wa mawe. Ng'ambo ya bonde alisimama dada yake Mzee Boay, mama Martina, akiwa na kitenge. Akisikia mlio anakipunga mara moja. Akisikia vizuri anakipunga mara mbili.

Nilikuwa na daftari la kuandika matokeo, na hapo ndipo kuchanganyikiwa kwangu kulipoanza. Nta nyeupe asubuhi yenye ukungu, kitenge mara mbili. Nta nyeupe ileile mchana, kitenge hakikupungwa. Nta njano jioni, mara mbili. Nta nyekundu, hakuna kitenge, lakini baadaye tukaambiwa mama Martina alikuwa anafukuza mbuzi kwenye maharage. Tulirudia mpaka Mzee Boay akachoka. "Upepo," alisema. Siku nyingine alisema, "Baridi." Siku nyingine alitazama tu bonde. Mwishowe tulikubaliana kutumia nyeupe siku zote, na kutia risasi tatu tu badala ya sita ili kupunguza mashaka. Tulikwenda hivyo kwa miaka mingi bila shida.

Sasa nifike kwenye msimu wenyewe.

Siku mbili kabla ya mchujo wa kutafuta watakaokwenda mkoani, nilikuwa naisafisha bastola nikapitisha ukucha juu ya ngoma. Ukucha ulikwama. Niliipeleka kwa Mzee Boay, akaipaka masizi kisha akaifuta. Kwenye kijichongo kimoja ulibaki mstari mweusi, mwembamba kama mchoro wa penseli.

"Ni ufa au mkwaruzo?" niliuliza.

"Sijui."

"Wewe ndiye fundi, mzee."

"Ndiyo maana nasema sijui. Asiyekuwa fundi angekuambia anajua."

Nilimwambia bastola nyingine haipo, na waamuzi wenzangu hawatakubali mchujo wa mkoa uanzishwe kwa filimbi. Alifikiri. Akachukua kopo la nta njano. "Tumia kidogo. Tundu lenye mstari liache wazi." Tulijaribu moja, mama Martina akapunga mara mbili. Ilikuwa asubuhi tulivu, hata jani halikutikisika. Nikaondoka nikiwa nimeridhika kwamba nimechagua usalama.

Siku ya mchujo, pale Mbulu, upepo ulivuma tangu saa tatu. Mbio za mita mia nne kwa wasichana zilikuwa na wakimbiaji sita. Mnajua kwamba katika mbio hizo hawapangwi sambamba. Kila aliye njia ya nje husimama mbele ya mwenzake wa ndani, ili kona isimpunje mtu. Kwa hiyo wa njia ya sita huwa mbali kabisa na mwanzishaji, na hamwoni mwenzake yeyote mbele yake. Njia ya sita alikuwa Neema, msichana wa Kidatoga kutoka shule ya upande wa Balangdalalu, wilaya jirani tuliyochujwa nayo pamoja. Mwalimu wake alikuwa amewaambia watu wote waliokubali kumsikiliza kwamba hakuna wa kumshinda.

Nilisimama upande wa ndani wa uwanja, mahali palepale aliposimama Akonaay miaka yote. "Kwenye mistari!" Wakachuchumaa. "Tayari!" Nikafyatua.

Ulitoka mlio kama wa mtu anayefunga kitabu. Moshi ulikuwa haba, na upepo ukaufuta hapohapo. Wasichana watano waliondoka. Neema alibaki amechuchumaa, kichwa amekigeuza pembeni. Watu wakapiga kelele. Akaondoka wakati wa njia ya tano alipokuwa karibu kumfikia, akakimbia mbio ambazo sijaziona tena katika uwanja ule, akamaliza wa tatu. Waliokuwa wanachukuliwa ni wawili.

Mwanzishaji ana haki ya kuwarudisha wakimbiaji kwa kufyatua mara ya pili. Nilikuwa na risasi. Nilikuwa na muda. Sikufyatua. Nimejiuliza sababu mara nyingi, na kila mara napata jibu tofauti. Niliogopa ule mstari kwenye ngoma. Nilidhani Neema amezubaa mwenyewe. Niliona aibu. Yote ni kweli, na hakuna linalotosha.

Mwalimu wake alikuja mezani kwa waamuzi akihema. "Hakusikia! Huyu mtoto hajawahi kuchelewa!"

Mwenyekiti wa waamuzi alinigeukia. "Mwanzishaji, mlio ulisikika?"

"Ulisikika," nikasema.

Na kweli mimi niliusikia. Nilikuwa nimeushika mkononi.

Rufaa ikakataliwa. Nilipokuwa nafunga bati langu, mzee mmoja alinijia, mrefu, amejifunga shuka jeusi, fimbo begani. Ni mimi niliyepaswa kumwamkia, nikamwamkia. "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mimi ni Gidamis. Yule ni mtoto wangu." Kiswahili chake kilikuwa cha polepole, neno baada ya neno. "Nimeuliza watu. Mimi nilikuwa kule kwenye kona. Sikusikia. Yule mama wa kuuza mandazi, hakusikia. Nani alisikia?"

"Mimi nilisikia, mzee."

Alinitazama bila hasira. Laiti angekasirika. "Wewe ulikuwa karibu," alisema, akaenda zake.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kwa mwenyekiti wa waamuzi kabla hajamaliza chai. Nilimweleza kila kitu: mstari kwenye ngoma, nta njano, upepo, na jibu langu la jana. Alisikiliza huku akikoroga kikombe ambacho sukari yake ilikwisha kuyeyuka zamani.

"Mwalimu, unajua unachoniambia? Orodha iko tayari."

"Najua."

"Kwa nini hukusema jana?"

"Sijui, mwenyekiti."

"Unapaswa kujua!"

"Napaswa. Lakini sijui."

Alinuna, akaandika, akafuta, akaandika tena. Mwisho aliamua kwamba Neema na msichana aliyeshika nafasi ya pili, Restituta wa hapohapo Mbulu, wakimbie wawili peke yao baada ya wiki moja. Kisha akaninyooshea kalamu. "Na safari hii ulete risasi ambayo hata kiziwi ataisikia."

Ilimaanisha nta nyekundu. Nikapanda na bastola hadi kwa Mzee Boay, naye akasema neno moja, "Kisiki." Tukaifunga bastola kwenye kisiki kwa mpira wa tairi. Kwanza nilitaka tujaribu kwenye tundu zuri, lisilo na mstari, kwa kuwa ndilo nitakalotumia. Tukajificha nyuma ya ukuta, akavuta kamba.

Mlio ulisikika mpaka ng'ambo, mama Martina akapunga kitenge bila kukoma. Tulipoinuka, ngoma ilikuwa imefunguka kama ganda la njegere, pale pale kwenye kijichongo. Kipande cha chuma chenye ukubwa wa ukucha kilikuwa kimezama kwenye gome la mti ulio nyuma yetu. Nacho kilitoka kwenye lile tundu zuri. Lile lenye mstari halikuguswa.

Mzee Boay alipitisha kidole kwenye mstari mweusi, akaulamba ukucha wake, akasugua. Mstari ukafifia. "Mkwaruzo," alisema.

Nilikaa chini. Nilikuwa nimepunguza baruti kwa kuogopa tundu ambalo halikuwa na neno, na tundu nililoliamini ndilo lingechukua vidole vyangu. Nilipochagua vibaya nilikuwa sawa, na nilipochagua sawa nilikuwa nimekosea. Nikiwaambia nimelielewa jambo hili nitakuwa nawadanganya.

Siku ya marudio nilikwenda na mbao mbili zilizounganishwa kwa bawaba, kazi ya Mzee Boay. Ukizifunga kwa nguvu zinatoa mlio mkavu unaokwenda mbali. Mwenyekiti alizitazama, akatazama mabaki ya ngoma niliyomletea ndani ya bati, hakubisha. Nilihama pia mahali pa kusimama. Badala ya upande wa ndani nilikwenda upande wa nje, nikasimama mbele kidogo ya njia ya sita, ambako wasichana wote wawili waliniona. Miaka yote ile nilipima baruti, na sikuwahi kupima niliposimama.

Mzee Gidamis alikuwapo, kwenye kona ileile.

Nilifunga mbao. Neema alitoka kwanza, mapema kuliko Restituta, kiasi kwamba nilijiuliza kama nimrudishe. Aliongoza mpaka hatua kama ishirini za mwisho. Hapo Restituta alimfikia, akampita kwa kifua, akaanguka juu ya mstari. Hakuna aliyebisha. Mzee Gidamis alivuka uwanja, akanipa mkono. "Sasa nimeona," alisema. "Ameshindwa na mtu. Hiyo ni sawa."

Neema alikuwa amekaa kwenye majani akipumua. Nilimpa maji, nikamwambia, "Leo umesikia vizuri."

Akatabasamu kwa haya. "Mwalimu, mimi sisikiagi sana. Sikio hili liliumwaga nikiwa mdogo. Mimi natazamaga moshi. Leo nimetazama mbao."

Nilisimama pale na kikombe cha maji mkononi. Kumbe kile kichwa kilichogeuzwa pembeni kilikuwa kinatafuta moshi. Baruti kidogo ilimnyima moshi, wala si mlio. Nilikuwa nimeungama kosa la kweli kwa sababu isiyo ya kweli, na hakuna aliyegundua isipokuwa mimi na yeye. Mwaka uliofuata nilianza kuinua kitambaa chekundu na kukishusha pamoja na mbao, na nikawaagiza walimu wote wawapime watoto masikio kabla ya msimu. Neema alikwenda mkoani mwaka huo. Alishika nafasi ya nne, akarudi na jozi ya viatu vya kukimbilia ambavyo havikumtosha.

Miaka ikapita. Mzee Boay alifariki, na Mzee Gidamis naye. Bastola niliikabidhi polisi ikaharibiwe, nikatia sahihi kwa mara ya mwisho. Kwa vijana niliowafundisha nilisimulia kisa hiki mara nyingi, nikimalizia na moshi, nao walikipenda kwa sababu kilikuwa na jibu.

Mwezi uliopita Neema alikuja kunitembelea. Sasa ni mwalimu huko kwao, mama wa watoto watatu, na anavaa miwani. Alileta asali. Tulikunywa chai, tukacheka kuhusu vile viatu, nami nikamwambia kwamba nimekuwa nikiwaeleza vijana habari za moshi.

Aliweka kikombe chini. "Mwalimu, naomba nikuambie kitu, usikasirike."

"Sema tu."

"Siku ile ya kwanza sikuwa natazama moshi."

"Ulikuwa unatazama nini?"

"Baba. Alikuwa hajawahi kuja. Alisema mbio za wasichana ni upuuzi, ng'ombe wana kazi zaidi. Nilipochuchumaa nikamwona kwenye kona na shuka lake. Sikujua alisafirije. Nikawa namwangalia yeye. Labda moshi ulikuwepo. Labda hata mlio ulikuwepo. Mimi sijui, mwalimu."

"Ulimwambia?"

"Hapana. Alikuwa ameshaenda kukugombeza kwa ajili yangu. Ningemwambiaje?"

Nje mvua ilianza, akasimama akasema bodaboda wake anasubiri. Nilimsindikiza hadi barabarani. Alipokaa kwenye pikipiki niliona amegeuza kichwa kunisikiliza kwa lile sikio zima, kwa hiyo nilitaka kumwambia kitu kizuri, chenye maana. Nilichoweza kusema ni, "Alisimama mahali pazuri, baba yako. Kona ile mtu anaona kila kitu."

"Ndiyo," alisema. "Nami nilimwona."